Ratili Saba za Mfuko wa Kwanza

Kitu cha kwanza Tabitha alichokiona ni sifuri. Kila namba kwenye kitabu cha karani iliishia na sifuri, kutoka juu ya ukurasa mpaka chini, zimepangana kama mayai kwenye kiota. Aliziona kwa sababu meza ilikuwa fupi, na kwa sababu shingo ilimuuma hata akashindwa kuinua macho.

Walikuwa wameteremka tangu alfajiri, watu watatu na mifuko mitatu ya kahawa iliyokaushwa. Baba yake, Mzee Sumari, alitangulia na mfuko mkubwa begani. Mama yake, Penina, alifuata na wa kati kichwani. Tabitha alikuwa nyuma na ule mdogo. Kutoka kihambani kwao, shamba la migomba na kahawa, mpaka ghala la mnunuzi, kwenye njia ya Tengeru, ni mwendo wa saa mbili, na siku hiyo kulikuwa na tope. Njiani baba alisema mara mbili, "Leo jina lako linaandikwa darasa la nne." Ada ilikuwa shilingi kumi, na kitabu cha ada kilikuwa kinafungwa jioni hiyo hiyo.

Tabitha alipenda hesabu kuliko nyimbo. Mwalimu Ephraimu alifundisha kwa ndizi, maana chaki zilikuwa chache na ndizi hazikuisha. Ndizi moja moja ndiyo mamoja. Ndizi kumi ni chane, na hayo ni makumi. Chane kumi ni mkungu, na hayo ni mamia.

"Mwalimu, chane za kwetu zina ndizi kumi na sita!" alisema mtoto mmoja.

"Basi hizo sita kula, kumi niletee mimi."

Wiki iliyopita walikuwa wamefika kwenye kukadiria. Mwalimu alichora mlima ubaoni, soko chini, nyumba juu. "Ukishapita katikati ya njia, nyumbani ni karibu kuliko sokoni. Panda. Kama hujafika katikati, rudi. Arobaini na tatu inarudi arobaini. Arobaini na saba je?"

"Hamsini!" darasa zima lilijibu. Tabitha naye alijibu, kwa midomo tu. Hakuwa mtu wa kutoa sauti.

Ghalani, mbele yao kwenye foleni alikuwa Mama Nashilu, mjane asiyemwogopa mtu. Karani alipima kahawa yake, akaandika, akaifunika namba kwa kiganja. Mama Nashilu akainama juu ya meza.

"We karani, mimi sikusoma, lakini naona unataga tu. Yai, yai, yai. Utaatamia lini?"

Watu walicheka. Karani hakucheka. "Mama, mfuko una uzito wake. Kahawa ina maji ndani. Vidogo vidogo havihesabiwi."

"Mbona kuvibeba nimevibeba?"

"Mwingine!"

Mzee Sumari akauweka mfuko wake kwenye mizani. Mshale ulitikisika, ukatulia. Tabitha alihesabu kwa macho: arobaini, halafu vistari vidogo saba. Ratili arobaini na saba. Karani akaandika arobaini.

"Bwana karani," baba alisema kwa upole, kofia mkononi, "nyumbani nilipima kwa debe. Nilidhani mfuko utapita hapo kidogo."

Karani aliweka penseli chini. "Leo kila mtu mkaguzi! Haya, nani kati yenu anajua kusoma?"

"Binti yangu huyu," baba alisema haraka, na sauti yake ikapanda. "Yuko darasa la tatu." Akamsogeza mbele kwa kumshika bega.

"Vizuri. Njoo, binti. Soma hapa. Nimeandika ngapi?"

Kidole cha karani kilikuwa juu ya kitabu. Nyuma ya Tabitha, kwenye foleni, walisimama wanaume wa koo tatu, wazee ambao alikuwa akiwaamkia shikamoo na kupita pembeni ya njia. Tabitha alitazama mshale wa mizani, kisha akatazama kidole.

"Arobaini," alisema.

"Kwa sauti!"

"Arobaini."

"Umesikia, mzee? Kasoma mwanao mwenyewe."

Baba alitabasamu. Alitabasamu kweli, akamgeukia Mama Nashilu. "Umemsikia? Hakusita hata kidogo." Mama Nashilu alimtazama Tabitha, kisha akaenda zake kusubiri pesa.

Mfuko wa mama ulikuwa thelathini na nane. Karani akaandika thelathini. Wa Tabitha ulikuwa ishirini na tisa, akaandika ishirini. Zile tisa zilizotupwa Tabitha alizijua kwa shingo. Jumla ikawa tisini, na bei ilikuwa sumuni, nusu shilingi, kwa ratili, kwa hiyo shilingi arobaini na tano.

Pesa hizo hazikukaa mkononi mwa baba. Kwenye benchi la pembeni alikaa tarishi wa kodi, na hakuna aliyelipwa kahawa akapita bila kuonyesha cheti. Mzee Sumari hakuwa na cheti cha mwaka huo. Zikatoka kumi na tano. Karibu na mlango alisimama mwenye duka na daftari lake la madeni: jembe, mafuta ya taa, chumvi, blanketi la mtoto. Zikatoka ishirini na mbili. Zilizobaki zilikuwa senti za matundu tu, zile zenye jina la mfalme wa Waingereza kuzunguka tundu. Mama alizitunga kwenye nyuzi za mgomba, sarafu kumi za senti kumi kwa kila uzi, yaani shilingi moja. Nyuzi zilikuwa nane.

Shuleni Mwalimu Ephraimu alizipokea nyuzi hizo, akaziweka mezani moja moja.

"Ni nane, Mzee Sumari."

"Nane, Mwalimu." Baba alikohoa. "Lakini nane si iko karibu na kumi? Huyu ametueleza nyumbani mnavyosoma. Ukishapita katikati unapanda."

Mwalimu alitaka kucheka, akashindwa. Alimtazama Tabitha, kisha akatazama kitabu cha ada. "Hiyo ni ubaoni, mzee. Kwenye ada hakuna kukadiria. Mkaguzi akija anahesabu mpaka senti ya mwisho."

"Jumatatu nakuletea mbili. Nitauza ndizi."

"Nafasi imebaki moja. Na pale nje kuna mzee na mtoto wake, kumi anazo mkononi." Alizirudisha nyuzi taratibu. "Mwakani, mzee. Asisahau kusoma."

Mwakani ilikuwa zamu ya Bariki, mdogo wake.

Wakati wa kupanda kurudi nyumbani Tabitha alipiga hesabu, kwa sababu hakuweza kuizuia. Saba, nane na tisa ni ishirini na nne. Ratili ishirini na nne kwa sumuni ni shilingi kumi na mbili. Zilizopungua zilikuwa mbili tu. Hata zile ratili saba za mfuko wa kwanza peke yake zingetoa shilingi tatu na sumuni. Angelipa ada, na chenji ingebaki ya daftari.

Jumatatu alichuma kahawa upande wa kihamba unaotazama shule. Upepo ulipotoka huko aliwasikia: mamoja, makumi, mamia. Waliongeza kitu kipya, maelfu, na hakuelewa maelfu yalikaa wapi, maana juu ya mkungu hakujua kuna nini. Alisimama na kapu kiunoni mpaka mama akamwita. Miaka iliyofuata aliendelea kuchuma upande huo huo. Kila mwaka mifuko iliteremka, na kila mwaka kitabu kilijaa mayai.

Baba hakuisahau siku ile. Kila mgeni aliyekuja kunywa mbege alisimuliwa. "Huyu binti alimsomea karani mbele ya foleni nzima, bila kusita!" Wageni walimsifu, na Tabitha alijaza kibuyu akatoka nje. Baba alifariki akiwa bado anaisimulia.

Baba, karani aliniuliza kitabu tu. Mizani ilisema arobaini na saba. Niliiona.