Nisipande Bure

Barua ilikuwa na mistari tisa, na Bi Nukuu aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado begani, hata kompyuta hajaiwasha. Kampuni ya bima ilisema madai yake ya gari yamekataliwa. Siku ya ajali alikuwa amebeba abiria kwa malipo, ilhali alipokata bima alitamka kwamba gari ni la matumizi binafsi. Kwa hiyo alidanganya, na siku ya Jumatatu jina lake lingeingizwa kwenye orodha ya wateja wadanganyifu. Alidanganya! Neno lenyewe walikuwa wamelipigia mstari chini, eti asije akaliruka.

Wewe ukipata barua kama hiyo utakasirika, utatukana kidogo, maisha yataendelea. Bi Nukuu hakuwa na nafasi hiyo. Yeye ni mpiga chapa wa mahakama. Miaka kumi na tisa amekaa mbele ya meza ya hakimu akiandika kila shahidi anachosema, neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi. Shahidi akisema "yule mshenzi alinijia mbio," Bi Nukuu haandiki "mtuhumiwa alimkaribia." Anaandika mshenzi, anaandika mbio. Mawakili wamembembeleza, wamemnunia, mmoja alimletea kanga mbili zimefungwa kwa utepe, na kanga zikarudi na utepe wake. Ndiyo maana wakamwita Bi Nukuu, na jina alilopewa na baba yake watu wakalisahau.

Nakala ya barua ilikuwa imefika kwa hakimu pia, naye alimwita chemba saa nne. Ni mtu mpole, na siku hiyo alikuwa anaona aibu.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini mtu aliyeandikwa mwongo hawezi kuandika ushahidi wa watu. Mawakili watalishikia bango hilo asubuhi ya Jumatatu. Niletee karatasi ya kukusafisha kabla ya hapo, la sivyo itabidi nikupeleke stoo ya majalada."

"Stoo, mheshimiwa?"

"Stoo."

"Stoo siendi," alisema Bi Nukuu. Akaomba ruhusa, akatoka, na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Ajali yenyewe haikuwa na makuu. Jirani yake mfuga kuku alikuwa ameangukiwa na mlango wa banda, mguu ukavimba kiatu kikakataa kuingia. Bi Nukuu alikuwa anatoka kwenda kazini. Akamwona jirani ameketi kwenye ngazi, binti yake amemshika kwapa, wote wawili wakitazama barabara. Angewapita? Aliwapakia, huyo, hospitali. Wakati wa kuingia garini jirani alimwekea mapajani mfuko wenye mayai sita, akacheka pamoja na maumivu yake: "Shika hayo, nisipande bure." Wakaenda. Kwenye mzunguko mwendesha baiskeli alichomoka bila kutazama, Bi Nukuu akamkwepa, akagonga nguzo ya taa. Hakuna aliyeumia. Pua ya gari iliingia ndani, na mayai yote sita yakapasuka kwenye sketi yake ya kazini.

Basi akapewa fomu ya madai. Fomu ilisema: eleza kikamilifu. Jamani, huwezi kumwambia mwanamke yule aeleze kikamilifu kisha ukashangaa! Alijaza nafasi iliyoachwa, akaomba karatasi ya ziada. Aliandika rangi ya baiskeli. Aliandika kwamba alikuwa na abiria wawili. Na kwa kuwa mkono umezoea, akaandika na maneno ya jirani vilevile yalivyotoka, katika alama za mtajo: "Shika hayo, nisipande bure." Chini yake akaandika: mayai sita.

Huko kampuni ya bima mtu mmoja akasoma "abiria," akasoma "nisipande bure," akasoma "mayai sita," akajumlisha. Nauli hiyo. Teksi bubu hiyo.

Ofisi ya bima ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, ukitikisika mmoja mnatikisika nyote. Mbele palikuwa na kioo chenye tundu dogo la kusemea, chini kabisa, hivi kwamba mteja alilazimika kuinama na kupiga kelele, na siri yake ikasikika mpaka mlangoni. Nyuma ya kioo alikaa dada wa mapokezi aliyevaa sweta. Dada huyo alikuwa na jibu moja.

Kinyozi mmoja aliinama. "Nimemwazima shemeji yangu gari, kalikwangua kwenye geti la watu. Bima inalipa au hailipi?"

"Inategemea," alisema dada.

"Inategemea nini?"

"Mkataba wako, kaka. Kakae, utaitwa."

Muuza mbao mmoja akainama. Yeye gari lake lilikuwa limeegeshwa tu, mti ukaliangukia, na bima yake ni ile ndogo, ya kulipia hasara za wengine tu. Inategemea. Mjane mmoja aliyevaa miwani mizito akauliza habari ya gari ambalo bado lina jina la marehemu mumewe, je, yeye akiliendesha kesho na akagonga, nani atakuwa amegonga? Dada alifikiri kidogo, tumpe haki yake. Kisha akasema inategemea. Mjane akarudi kitini akinung'unika kwamba hata marehemu alikuwa na majibu kuliko huyu.

Bi Nukuu hakuinama. Alipofika kwenye kioo, alasiri sasa, alisimama wima na kuongea kwa sauti ya mahakamani, ile inayofika kwa shahidi kiziwi.

"Namtaka aliyeandika barua hii."

"Mama, una miadi?"

"Yeye alikuwa na miadi na mimi aliponiita mwongo?"

Viti vyote vikatikisika. Dada akanyanyua simu, na muda si muda akatokea meneja wa madai, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooka, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Hakufungua mlango wa pembeni. Naye aliinama kwenye lile tundu, kwa upande wa ndani, wakawa wanatazamana kupitia kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimesoma barua yako. Nauli yangu ni ipi?"

Meneja alikuwa na jalada. Akapekua. "Mama, hapa umeandika mwenyewe. Abiria wawili."

"Walikuwa wawili. Ulitaka niwaite nini, mizigo? Hiki hapa cheti mlichonipa ninyi wenyewe. Soma. Dereva mmoja, abiria wanne. Hao abiria wanne mlionipa ni wa nini, mapambo?"

Muuza mbao akacheka mpaka akakohoa. Meneja akalegeza kola kidogo.

"Sawa, neno abiria tuliache. Tatizo ni hili la pili, mama. 'Nisipande bure.' Asiyepanda bure amelipa. Na malipo yametajwa. Mayai sita."

"Ni utani ule! Watu husema hivyo! Wewe hujawahi kuambiwa hivyo?"

"Fomu haina sehemu ya utani," alisema meneja, na si kwa ubaya. Kisha akashusha sauti. "Mama yangu, nikusaidie. Nakupa fomu mpya. Unaandika upya, habari ileile, ila mstari huo wa mayai unauacha. Hukupewa kitu. Hakuna aliyesema kitu. Leo hii hii naidhinisha, Jumatatu gari linaingia gereji, jina lako safi. Watu wote hufanya hivyo."

Akapitisha fomu chini ya kioo, na kalamu juu yake.

Bi Nukuu aliitazama. Sitakudanganya, mkono ulimwasha. Aliiona stoo ya majalada ilivyo: balbu moja, vumbi, mafaili ya watu waliokwisha kufa. Aliona kiti chake mbele ya hakimu kimekaliwa na msichana anayeandika "mtuhumiwa alimkaribia." Mstari mmoja tu, nani angejua? Mayai yenyewe yalishafuliwa yakatoka kwenye sketi. Aliigusa kalamu. Halafu hasira ikampanda kutoka miguuni, akairudisha kalamu ndani kwa kidole kimoja.

"Hebu nielewe vizuri, mwanangu. Nimeandika kweli, umeniita mwongo. Sasa unataka niandike uongo ili uniite mkweli."

"Mama, usilichukulie hivyo..."

"Nalichukuliaje? Nifundishe. Miaka kumi na tisa watu wamenibembeleza nifute mstari mmoja. Mwizi kanibembeleza, tajiri kanibembeleza. Leo inanibembeleza kampuni ya bima! Jirani alinipa mayai. Sita. Alisema nisipande bure. Nimeandika, na sifuti hata nukta."

"Basi barua inabaki vilevile," alisema meneja. Alijikaza, lakini shingo ilikuwa imeanza kung'aa kwa jasho. "Samahani. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa kinyozi, na kinyozi hakusogea kwenye kioo. Alisimama palepale kwenye kiti chake.

"Bosi, kabla hatujafika kwa shemeji. Juzi nilimpeleka mteja wangu mzee nyumbani, mvua inanyesha. Akaniachia sabuni mche mmoja. Bima yangu bado ipo hai?"

"Hiyo ni..."

"Maana na yeye alisema nisipande bure. Neno hilohilo."

"Mimi baba mkwe wangu kila nikimfikisha shambani ananipakilia mahindi," alisema muuza mbao. "Ina maana mwaka mzima nimeendesha teksi ya baba mkwe?"

Mjane aliinua kidole taratibu, kana kwamba yuko darasani. "Mimi nawabeba akina mama wa kwaya. Hunipa pipi. Sasa sijui pipi moja ni nauli ya kutoka wapi mpaka wapi."

Hapo ofisi nzima ikalipuka. Mtu wa mwisho mlangoni, ambaye alikuja kuchukua stika tu, akapaza sauti kwamba dada yake humwekea chai kwenye chupa. Kila mtu alikuwa na kitu alichopewa. Mwingine alisema yeye hupewa maombi, je, nayo yanahesabika? Meneja alitazama kulia, akatazama kushoto, na dada wa sweta akajifanya anapanga klipu za karatasi.

"Tulieni! Jamani, tulieni. Kila jambo lina mazingira yake."

"Usitupige chenga," alisema Bi Nukuu. Alikuwa ameshatoa daftari na kalamu yake mwenyewe kwenye mkoba. "Nakuuliza swali moja, na jibu lako naliandika kama linavyotoka kinywani, hawa wote wakisikia. Mayai sita ya jirani mgonjwa ni nauli, au si nauli?"

"Inategemea..."

"Inategemea," alirudia Bi Nukuu akiandika. "Endelea. Inategemea nini?"

Meneja aliitazama kalamu ya yule mama, imesimama juu ya karatasi, inamsubiri yeye. Akisema ni nauli, basi hakuna hata mmoja ukumbini mwenye bima, na wote wangetaka waandikiwe hivyo kabla hawajatoka. Akisema si nauli, barua aliyoitia saini kwa mkono wake ndiyo yenye uongo.

"Si nauli," alisema.

"Sauti, mwanangu. Na kule nyuma wasikie."

"Si nauli!"

Bi Nukuu aliandika, akachora mstari, akaomba barua. Meneja hakubisha. Alikaa kwenye kompyuta ya dada wa sweta, akapiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili, akachapisha, akatia saini, akagonga muhuri. Karatasi ikapita chini ya kioo. Watu wakaanza kupumua, muuza mbao akasema hongera mama, kinyozi akamwambia sasa aende zake kwa hakimu kabla hawajafunga.

Yeye hakwenda. Aliisoma barua amesimama, kila neno, mpaka jina la chini. Ilisema madai yake yamekubaliwa. Ilisema jina lake halitaingizwa kwenye orodha yoyote. Na katikati ilisema: baada ya kutafakari, kampuni imeamua kumsamehe mteja.

Alirudisha karatasi ndani.

"Mama, kuna nini tena? Si umepata kila kitu?"

"Hapa umeandika kunisamehe."

"Ni lugha ya kiofisi tu, mama. Ni heshima."

"Anayesamehewa amekosa. Nilikosa nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi kabla ya wakati wa kufunga. Mahakama ilikuwa umbali wa mitaa minne, na hakimu Ijumaa hachelewi kuondoka. Mjane alimgusa Bi Nukuu kiwiko, akamnong'oneza, "Shoga, ichukue hiyohiyo, utachelewa."

"Ngoja nichelewe," alisema Bi Nukuu. Akavuta kiti kilichokuwa tupu, na safu nzima ikatikisika alipokaa.

Meneja alirudi kwenye kompyuta. Kupitia kioo walimwona anapiga herufi, anafuta, anapiga tena. Safari hii alichukua muda mrefu zaidi, ingawa alikuwa anabadilisha sentensi moja tu. Alipomaliza hakuipitisha karatasi chini ya kioo. Alifungua ule mlango wa pembeni, akatoka nayo, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mahali palipokuwa na msamaha palikuwa pameandikwa: kampuni ilikosea.