Sufuria Zilipatikana Kwanza

"Mimi tangu nizaliwe sijapoteza kitu! Hata sindano!" Wangui alisema hivyo amesimama mlangoni pake, bakora mkononi, mbele ya watu waliojaa uani. Kisha, kwa vile alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Labda meno. Na mume, lakini huyo alijua alikokuwa akienda."

Hakuna aliyecheka. Watu waliokuja kuomboleza hawacheki kabla chai haijaletwa.

Na hicho ndicho kilichokuwa kikimchemsha Wangui. Walikuwa wakimwombolezea nani? Ijumaa jioni, Probox moja iliyokuwa ikitoka Narumoru kuja Nyeri iliteleza kwenye mvua karibu na Chaka, ikapinduka, ikaingia shamba la kabichi. Polisi wakawaokota dereva na abiria wawili, wakawapeleka hospitali Nyeri. Ndani ya gari kulibaki begi la vitabu, simu, na kitambulisho cha chuo cha Wahome, mjukuu wake, kijana aliyekuwa akisomea umeme. Wahome mwenyewe hakuwamo. Hakuwa hospitali yoyote ya Nyeri wala chumba chochote cha maiti, maana Wangui alizunguka kote na binti mkwe wake, Nyawira, ambaye ndiye mama wa kijana.

"Sisi tulipata watu watatu," askari wa kituoni alimwambia.

"Na begi? Ilipanda gari peke yake?"

"Cucu, bibi yangu, rudi nyumbani. Uchunguzi unaendelea."

"Unaendelea wapi? Mbona wewe umekaa?"

Kwa desturi ya kwao, mjukuu wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Kwa hiyo Wahome alikuwa na jina la marehemu mume wa Wangui, na tangu akiwa mtoto wa kutambaa bibi yake alimwita "mzee wangu". Mzee wangu, niletee kuni, ama unataka niolewe kwingine? Mzee wangu, umerudi saa hizi, ulikuwa kwa mwanamke gani? Kijana alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na uani kulikuwa na kelele.

Kelele yenyewe ilikuwa ya Mutahi. Mutahi alikuwa mwana wa pili wa Wangui, na ndugu mdogo wa marehemu baba yake Wahome. Wangui alimzaa mwenyewe, na hakuna duka la kumrudisha. Jumamosi Mutahi alijitolea mbele ya watu kwenda kutafuta upande wa Nanyuki, akarudi jioni akitikisa kichwa. "Nimeingia hospitali zote za Nanyuki," akasema. "Hayuko." Halafu, bila hata kumeza mate, akasema inafaa kamati ianze.

Alikuwa anautaka udiwani uchaguzi ujao, huyo Mutahi. Na huku kwetu mwanasiasa asiyejulikana hupata watu wengi wa kumsikiliza, tena waliokaa chini na kutulia, mahali pamoja tu: matangani.

Kufikia Jumanne kamati ilikuwa imechagua riboni za rangi ya zambarau. Hema lilikuwa limeahidiwa. Picha ya Wahome ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango. Fahali alikuwa ameshaonekana kwa jirani, naye fahali akawaangalia vibaya. Sufuria za kanisa, zile ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, zilikuwa zimepangwa ukutani. Siku hiyo walikuwa wakibishana kama mkuu wa chuo atazungumza kabla ya mheshimiwa au baada yake.

Wangui akashuka mlangoni, akaenda mpaka kwenye meza yao.

"Mutahi, mnazika nani?"

"Mama, si kuzika. Hii ni kamati ya matayarisho."

"Matayarisho ya nini?"

"Ya... ya lolote litakalotokea."

"Na hilo lolote linakula nyama? Mbona limeitishiwa fahali?"

Mzee mmoja wa kamati akakohoa. Mutahi akainuka, akaweka mkono kifuani kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa. "Mama, uchungu ni wetu sote. Mimi nimemtafuta huyo kijana mpaka miguu ikafura."

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Miguu. Vua viatu nione."

Viatu vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi mpaka Wangui akajiona ndani yake, naye hakupendeza. Mutahi hakuvivua.

"Mimi nilizika Wahome mmoja," Wangui akasema, na sasa hakukuwa na mzaha tena. "Nilimwona. Nilimfumba macho na mkono huu. Huyu wa pili mnataka nimzike na begi ya vitabu? Sufuria mmezipata. Hema mmelipata. Mtoto ndiye tu hamjapata, na hakuna hata mmoja wenu anayeulizia."

Mmoja akanywa chai, kwa heshima.

Hata hivyo kuhusu Nanyuki alimwamini mwanawe. Mtu anaweza kudanganya kuhusu miguu yake, lakini si kuhusu mtoto wa ndugu yake. Ndiyo maana asubuhi yake hakwenda Nanyuki. Alipanda pikapu ya Kinyua, jirani anayepeleka maziwa, akamwambia amfikishe pale gari lilipoangukia.

"Cucu, polisi walishaangalia pale," Kinyua akasema.

"Hata mimi huwa naangalia Biblia. Kusoma ni maneno mengine."

Shamba la kabichi lilikuwa na mwenyewe, mama mmoja aliyevaa viatu vya gambuti, ambaye alikuwa bado anahesabu hasara yake. Alipoona watu wanakanyaga kabichi zilizobaki alikuja mbio na jembe.

"Ni nani tena? Hamjashiba kuniharibia?"

"Mimi ni nyanya wa kijana aliyekuwa kwa hiyo gari."

Jembe likashuka. "Yule wa mtaroni?"

Wangui akamsogelea. "Mtaroni?"

"Si wale waliopelekwa na polisi. Polisi walikuwa washaenda. Giza linaingia, nikasikia mtu analia huko nyuma ya majani ya nepia, kwa mtaro. Nikakimbia kuchukua tochi. Kurudi, nikapata lori ya kubeba ng'ombe imesimama, tupu, inarudi juu Nanyuki. Wasomali. Walikuwa wanampakia, wamemlaza juu ya koti."

"Alikuwa hai?"

"Maiti inaweza kusema 'pole pole mguu wangu'?"

Wangui akafunga macho, akayafungua. "Na siku hizi zote hukuambia mtu?"

"Niambie nani?" Mama wa kabichi alikuwa na hasira zake pia. "Hakuna mtu amekuja hapa kuuliza kitu. Wewe ndiye wa kwanza. Nilijua watu wake wako naye huko Nanyuki wanamuuguza!"

Kinyua hakungoja kuambiwa. Maziwa yakaenda Nanyuki siku hiyo, na kama yaliganda, yaliganda kwa sababu njema.

Kwenye soko la mifugo hawakuuliza sana. Lori iliyookota mtu? Hiyo ni ya Abdiwahid. Walimkuta ameketi mbele ya kibanda, mtu mrefu wa ndevu za hina, na glasi ya chai mkononi. Wangui alipomaliza sentensi ya kwanza, glasi ilikuwa imeshawekwa chini na mtu alikuwa amesimama.

"Mama mzee, wewe ni wa huyo kijana? Subhanallah. Tangu Jumamosi natafuta wenyewe. Nilienda polisi ya hapa, wakaandika. Nikarudi, wakaniambia wameandika. Hana kitambulisho, hana simu, siku mbili hata kuongea hawezi. Mke wangu akasema, labda huyu maskini hana watu."

"Hana watu!" Neno hilo lilimchoma Wangui kama kaa la moto. "Kwangu uani kuna watu hata viti vimeisha! Wanakunywa chai kwa sababu yake!"

Abdiwahid akamtazama bila ubaya wowote. "Sasa mbona hawaji?"

Wangui Wahome, mwanamke aliyewahi kumjibu hata chifu, akafungua mlango wa pikapu. "Nipeleke," akasema.

Hospitali ilikuwa ya misheni, ndogo, na geti yake ilikuwa ya kijani. Wadi ya wanaume ilikuwa na vitanda vichache tu. Kwenye kile cha mwisho, karibu na dirisha, kijana aliyefungwa bandeji kichwani na plasta mguuni alikuwa akinywa uji, na mama mmoja mwenye baibui alikuwa akimshikia kikombe na kumkemea. "Maliza. Jana pia uliacha. Unafikiri mimi napikia ukuta?" Huyo alikuwa Fowsia, mkewe Abdiwahid.

Wangui akasimama miguuni pa kitanda. Alitaka kusema kitu kizuri.

"Mzee wangu," akasema, "kumbe ulikuja Nanyuki kuoa mke mwingine."

"Cucu!" Kijana akacheka, kisha akashika kichwa kwa maumivu, kisha machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Wangui naye akakaa kitandani, akapokea kikombe cha uji.

"Nimekumbuka jina langu jana usiku tu," Wahome akamwambia. "Nikaulizwa namba ya simu ya nyumbani. Cucu, sijui hata moja. Zote ziko kwa simu."

"Na ulimwona anko wako Mutahi? Jumamosi?"

"Anko? La."

Nesi wa zamu alikuwa akipita. Wangui akamshika mkono. "Jumamosi alikuja mwanaume hapa kuulizia huyu?"

"Jumamosi nilikuwa hapa kutwa, Cucu. Tulikuwa tunaomba Mungu mtu aje. Ni hawa wawili tu," nesi akasema, akionyesha Abdiwahid na Fowsia. "Hata getini ukiuliza watakuambia."

Basi. Si mbali, kutoka Nyeri kuja Nanyuki. Mtoto alikuwa amelala hapa, hajui jina lake, akilishwa na watu wa dini nyingine na kabila lingine, huku damu yake mwenyewe ikichagua riboni. Hasira iliyompanda Wangui ilikuwa mpya. Ile ya polisi ilikuwa ya kupiga kelele. Hii ilimfanya atulie, na waliomjua walikuwa wakiogopa sana akitulia.

Akatoa simu yake ndogo ya tochi, mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira, akampigia Nyawira.

"Nyawira, uko peke yako? Weka kitambaa mdomoni. Umeweka? Haya, ongea na mtu."

"Mami," Wahome akasema.

Sauti iliyotoka huko haikuwa ya maneno, na ilichukua muda, licha ya kitambaa. Fowsia akageukia dirisha, akajipangusa na ncha ya mtandio. Nyawira alipoweza kupumua, Wangui akarudi kwenye simu.

"Pangusa uso. Usimwambie mtu bado. Kamati imekaa? Imekaa, bila shaka, huwa inaenda wapi? Sasa nenda uweke simu yako mezani, katikati yao, uweke spika. Sema Mama anataka kuongea na mwenyekiti."

Zikasikika hatua, vikombe, mtu akiuliza riboni ni mita ngapi. Kisha sauti ya Mutahi, nzito, ya mkutanoni.

"Mama! Uko wapi? Tunakungoja tupange mahubiri."

"Niko tu. Mwanangu, nimekuja kuona nilikukosea jana mbele ya wazee. Nataka wote wasikie vile ulitafuta. Waambie ya Nanyuki."

"Mama, si lazima."

"Ni lazima. Watu wa kura wanasikiliza."

Mutahi akasafisha koo. "Wazee, nilianza asubuhi. Nikaingia hospitali moja baada ya nyingine. Sikuacha hata moja."

"Hata ile ndogo ya misheni, ya geti ya kijani?"

"Hiyo ndiyo nilikaa sana! Nilipita wadi ya wanaume kitanda kwa kitanda, Mama, nikifunua shuka na mkono wangu. Nesi akanionea huruma, akanipatia maji ya kunywa."

Wahome alikuwa amefumba mdomo kwa mkono. Abdiwahid alikuwa ameinama karibu na simu, ameukaza uso kabisa.

"Ukafika mpaka kitanda cha mwisho?" Wangui akauliza kwa upole. "Kile kiko karibu na dirisha?"

"Mpaka hicho, Mama. Mungu ni shahidi. Kilikuwa na mzee mmoja wa kutoka Meru, mgonjwa sana, hata tukasalimiana."

Wangui akasogeza simu kwenye mto.

"Anko Mutahi," Wahome akasema, "huyo mzee wa Meru ndiye mimi."