Zipindwe, Zibindwe

Niliivuta ringi ya chuma ya nguzo kwa vidole viwili, ikafunguka. Waya iliyoifunga pembeni iliachia mara moja, na Omosa, fundi aliyeifunga, akainamia viatu vyake. Kaka yangu Kipkurui hakuinama. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mbwa wa jirani ndani ya jiko lake.

Nyuma yake vyuma vya nguzo vilisimama vikingoja konkriti, na miksa ilikuwa imeshaanza kunguruma. Ilikuwa nyumba ya ghorofa aliyomjengea mama pale Sosiot, kwenye shamba la marehemu baba, kando ya majani chai. Mama angelala chumba cha chini. Hilo ndilo lililonitoa kwangu Siongiroi alfajiri ile: mama yangu chini, ghorofa nzima juu yake.

Mimi ni injinia, na nyumba ile niliichora mimi. Mama ndiye aliyeniomba. Kipkurui alitaka nguzo nene tu, basi. Nilikuwa nimemweleza kwa simu kwamba ringi zinazozunguka vyuma zikaribiane chini na juu ya nguzo, na ncha zake zipindwe kuelekea ndani. Sasa sisi Wakipsigis, p na b kwetu ni mapacha; ukimwita mmoja, anaitika mwingine. Kipkurui akampelekea Omosa neno: zibindwe. Omosa ni Mkisii, na kwake kubinda ni kufunga kwa waya ya baindingi. Akafunga, tena kwa bidii. Kila ncha ilibaki nje, imeviringishiwa waya maridadi kama zawadi ya harusi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Lakini aliyejikwaa ulimi anaweza kurudi nyuma akasema upya, na Kipkurui hakutaka kurudi.

Nilimweleza nikiwa bado nimejizuia. Nguzo ikilemewa, ganda la nje hupasuka na kuanguka, kinabaki kiini, na kinachokishika kiini ni ringi. Ncha zikiwa zimezama ndani, nguzo hupinda, hutoa nyufa, hulia, na watu wanapata nafasi ya kutoka. Ncha zikiwa nje, ringi hufunguka pamoja na ganda, na nguzo haimwonyi mtu.

"Kwa hivyo nguzo yako ni ya kupinda," alisema.

"Ikizidiwa, ndiyo."

"Mzee alipinda mgongo kwa majani chai ya watu mpaka akazikwa. Kwa hii shamba yake, hakuna kitu itapinda tena."

"Alipinda," nilimwambia. "Hakuvunjika."

Akamgeukia Omosa, akamwambia amwage. Omosa alininong'oneza kwamba yeye ameandikwa kazi na Kipkurui, nisimlaumu, akashika koleo. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la zamani, ungo wa mahindi mkononi, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Wewe uliolewa Siongiroi," alisema. "Huyu ndiye ananijengea. Wacha ajenge."

Niliwachukia wote wawili pale pale, mama zaidi. Konkriti ikamwagwa, ringi zikafunikwa, na konkriti haina dirisha. Hakuna mtu angeweza tena kuona nilichokiona.

Nyumba imesimama. Kila Krismasi Kipkurui huipiga nguzo ya veranda kofi mbele ya wageni na kuniuliza kama imepinda. Mimi hunywa chai yangu nje, mvua iwepo isiwepo. Anasema naitakia nyumba yake mabaya. Hajakosea sana. Kuna siku niliitakia ufa, mmoja tu, mama akiwa kanisani.

Mwaka huu ardhi ilitikisika mchana mmoja, tetemeko dogo la kuchezesha vikombe. Kipkurui alinipigia simu kunieleza kwamba nyumba haijapata hata mkwaruzo. Alicheka muda mrefu, nami nikakata simu.

Jumamosi nilienda kumwona mama. Kipkurui alikuwa amesimama kwenye veranda, na hakunisalimu. Aliniambia kwamba nimemhamisha mama yake kwa mdomo wangu, kwamba sasa nimefurahi. Sikumwelewa mpaka nilipoona moshi.

Kitanda cha mama kilikuwa ndani ya jiko la zamani. Baba alilijenga kwa miti na udongo kabla sijazaliwa, na tangu nipate akili limelalia upande wa chai. Mama alikuwa akipuliza moto. Nikiwa bado nje, nilimuuliza nini kimemtoa kwenye nyumba nzuri.

"Usifikiri nimekusikiza wewe," alisema bila kugeuka. "Ile siku vikombe vilicheza, nilikuwa hapo nje. Nyumba ya Kipkurui ilinyamaza kabisa. Hii ya babako ililia."

Akanisogezea kigoda. Mlango wa jiko lile umepinda, kwa hivyo niliinama, nikaingia.