Vigae vya Bwawa la Mamba

Mafundi walimwita Mama Risiti, kwa kuwa hata msumari haukuingia kwenye ujenzi wao bila karatasi ya kuuthibitisha. Alisimamia miradi ya kampuni ndogo ya ujenzi, na mwezi huo aliandaa zabuni ya zahanati. Kama ratiba na bajeti yake vingevuja kwa washindani, kazi ingekwenda kwao, kampuni ingefunga milango, na mafundi wangerudi makwao mikono mitupu.

Programu zenye sifa za kupangia mambo hayo zilikuwa na bei ya kumliza mtu mzima. Ndipo mdogo wa mumewe, mwenye jawabu la kila jambo isipokuwa ajira, alipoingia ofisini na kompyuta kwapani.

"Shemeji, nimekuletea dawa. Ratiba humo, bajeti humo. Bure!"

"Bure ya kutolipa, au bure ya kutofaa kitu?"

"Shemeji na maneno yako! Ya kutolipa."

"Na aliyeitengeneza anakula nini?"

"Nitajuaje? Mimi ndiye mpishi wake?"

Mama Risiti aliipokea. Kwa ufahamu wake, samaki hajawahi kuuziwa chambo.

Kwa hiyo hakuanza na zahanati. Alibuni mradi wa bwawa la kuogelea la mamba, lenye vigae vya buluu na ngazi ya kushukia mamba wazee. Akaandika humo bajeti nono na namba yake ya simu. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye shemeji alirudi kuulizia maendeleo. Alikuwa hajaketi sawasawa simu ilipolia. Mama Risiti akaiweka sauti ya juu.

"Habari za kazi, mama? Tumesikia mnajenga bwawa. Vigae vya buluu tunavyo, tena haviwatelezeshi wazee."

"Mmesikia kwa nani?"

"Aa, mama, habari zina miguu."

"Za kwangu zina mkia na meno. Zimefikaje huko?"

Simu ikakatwa. Shemeji alikuwa akiukagua ukucha wake kwa umakini wa daktari.

"Wewe walikuahidi nini?"

"Kidogo tu, shemeji. Kwa kila mteja nitakayempeleka."

"Basi kawaambie mamba wamehama."

Mama Risiti alinunua programu nyingine, ya bei nafuu, kwa muuzaji aliyemwonya mapema: rangi zake zinachosha macho, haina mapambo, na hukaa ndani ya kompyuta yako bila kuhitaji mtandao. Mtu anayeikosoa bidhaa yake mwenyewe alimpunguzia wasiwasi, ingawa hakuumaliza. Mamba wakatangulia humo pia, na mtandao ukiwa wazi makusudi. Siku zikapita, hakuna aliyepiga simu kuuza kigae wala ngazi.

Hapo ndipo akaiingiza zahanati. Lakini kwanza aliinama chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao, maana kimya nacho hakitoi risiti.