Mlingoti Ajifunza Kuinama

Kwenye klabu ya ngumi walimwita Mlingoti. Alikuwa dobi mrefu, mwenye ngumi nzito, lakini ulingoni alisimama wima kama mtu anayepigwa picha. Kila pambano alirudi nyumbani jicho limevimba. Mama yake, aliyekuwa akifua naye nguo za wateja, alimkanda kwa maji ya moto huku akilalama, "Mimi nilikuzaa na macho mawili, mwanangu. Utabaki nayo mangapi?"

Kocha wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akafunga kamba usawa wa mabega, ukuta hadi ukuta.

"Pita chini, ibuka upande wa pili! Kunja magoti, si kiuno. Ukitazama sakafu, utalala hapo hapo. Na miguu isipishane!"

Mlingoti akaendelea na zoezi nyumbani, uani, kwenye kamba za kuanikia. Mguu wa mbele hutangulia, wa nyuma hufuata, kichwa kinazama, kinaibuka. Siku moja kiliibuka mapema, kikaangusha shuka jeupe la mteja kwenye tope.

"Wewe!" mama akafoka. "Ngumi huzikwepi, shuka ndilo unalolipiga?"

Akalifua upya akinung'unika. Jioni hiyo, bila kuombwa, akatafuta kamba kuukuu, akaifunga pembeni mwa ua. "Hiyo yako. Zangu uziache."

Pambano lililofuata, mama alikwenda kwa mara ya kwanza. Alikaa mstari wa mbele, viganja usoni. Mpinzani alikuja kwa pupa. Mlingoti akazama, ngumi ikapita juu ya nywele. Akateleza pembeni, akamchapa mbavuni. Ikaja nyingine, akazama tena. Kufikia raundi ya mwisho mpinzani alikuwa anapiga upepo tu, anahema.

Mama alikwishashusha viganja. Sasa naye alikuwa anakwepa kitini, kushoto, kulia, hadi akamgonga jirani kichwa.

"Samahani, baba!"

"Usijali, mama. Ila mimi sijakurushia ngumi."

Mwamuzi aliponyanyua mkono wa Mlingoti, mama alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa.

Njiani kurudi, hakunyamaza.

"Ile ya raundi ya pili ulichelewa kuzama."

"Uliiona? Si ulikuwa umeziba macho?"

"Niliona katikati ya vidole. Na mguu wa nyuma uliuburuta."

Mlingoti, mwenye njaa na furaha, akamshika mkono, akamwacha aseme.