Nani Atabaki na Miraa

Kathambi hakuumbwa kutulia. Akiketi, goti linacheza. Akisimama, anaegemea mguu huu mara ule. Akitumwa mtoni anakimbia na ndoo kana kwamba mto utahama kabla hajafika. Basi redio ilipotangaza kwamba jeshi linakuja mjini Maua kuandikisha vijana, hakuna jirani aliyeshangaa kusikia kwamba binti Mithika anataka kwenda. Kilichowashangaza ni kwamba kaka yake Mwenda, mtu mpole asiyependa makuu, naye alitaka.

Sababu ya Kathambi ilijulikana na wote, maana aliisema kila mahali bila kuulizwa. Kwao, kwenye kilima cha juu ya Maua, kila kitu kilitoka kwenye miraa: karo, dawa, mabati ya nyumba, hata sukari ya chai. Na mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa. Akipanda, wanasema, mti unakauka na machipukizi yanakuwa machungu. Kathambi alikulia chini ya miti hiyo, akaipalilia, akakata majani ya migomba ya kufungia mabunda, lakini hakuwahi kutia mguu kwenye tawi. Siku moja miti yote ingekuwa ya Mwenda, na yeye angeambiwa akaolewe.

"Jeshini hakuna mti niliokatazwa," alisema, na wasichana wenzake wakacheka.

Mwenda hakusema sababu yake. Alisema tu kwamba ni mwaka wake wa mwisho, na mwakani umri utakuwa umempita.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe walikula jikoni, wao wawili na baba yao Mithika, kwa kuwa mama alikwishafariki. Mithika alikuwa ameegemeza fimbo yake ukutani. Tangu alipoanguka kutoka mtini na nyonga kuvunjika, hakuwahi kutembea bila fimbo hiyo, na kuchuma kulimwangukia Mwenda peke yake.

"Ataenda mmoja," Mithika alisema. "Mkichukuliwa nyote wawili, mimi nitabaki na nani?"

"Waite vibarua, baba," Mwenda akasema.

"Vibarua niliwajaribu. Walininyonyolea miti kama kuku, nikakaa msimu mzima bila chipukizi. Siwataki tena."

Kathambi alicheka kwa furaha ya wazi, bila aibu. "Basi nitakwenda mimi. Mimi si nimekatazwa kuchuma? Nibaki nifanye nini, nikuimbie?" Kwa mara ya kwanza maishani mwiko ule ulikuwa upande wake, naye akaukumbatia kwa mikono miwili.

Mwenda akaweka sahani chini. "Baba, mimi naogopa."

"Unaogopa jeshi?"

"Naogopa miti." Hakumtazama yeyote. "Tangu ulipoanguka. Nilikuwa chini, nilisikia lile tawi. Kila asubuhi kabla sijapanda naenda nyuma ya ghala natapika. Nikiwa juu miguu inakufa. Sijawahi kusema."

Kijana hatishwi na risasi, anatishwa na mti wa nyumbani! Usimcheke. Yeye alikuwa hajasikia risasi. Tawi alikuwa amelisikia.

Mithika alichokora moto muda mrefu. Wazee wa kilima kile ni wakaidi, na yeye aliwazidi wote, lakini mwana ni mwana. Mwishowe akasema jambo ambalo hakuna mwanamume wa pale aliyewahi kulisema.

"Kathambi, mama, utapanda wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na nusu ya miti nitakupa iwe yako, upande ule wa kijito. Nitawaita wazee niwaambie. Mwenda aende zake. Wewe bado mdogo, jeshi litakuja tena mwakani."

"Na watu wakisema?"

"Watu hawajanichumia hata siku moja."

Kathambi alikuwa amelisubiri neno hilo tangu alipojua kusubiri. Machozi yalimtoka. "Sawa, baba," akasema, na Mwenda akamshika mkono, akaubana hadi ukauma.

Asubuhi Mwenda aliondoka mapema, amevaa viatu vya kukimbilia. Kathambi akaenda shambani. Ukungu ulikuwa bado umelalia kijito. Alipanda mti wa kwanza polepole, akitarajia asichokijua, na hakuna kilichotokea. Gome lilikuwa baridi, tawi lilimbeba. Akachuma chipukizi jekundu, akatafuna: utamu kidogo, uchungu kidogo, kama miraa yote ya kwao Igembe. Alicheka peke yake huko juu. Miaka yote hiyo walikuwa wakimkataza mti!

Akachuma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya Mwenda na mfuko ulianza kujaa. Ndipo alipoinua macho akaona barabara. Vijana walikuwa wakishuka kuelekea Maua, wengine wakitembea, wengine wakikimbia mchakamchaka na kupiga kelele, na goti lake likaanza kucheza.

Akalikaripia. Umepewa miti, unataka nini tena? Kila alichowaambia watu kwamba kinamfukuza nyumbani, sasa kilikuwa mkononi mwake, na bado alitaka kwenda. Alitaka vibaya kuliko jana. Miti ilikuwa maneno ya kuwaambia watu tu. Hata angepewa kilima kizima angetaka kuondoka, na hilo lilimtia hofu, kisha likamtia hasira, hasira ya bure isiyo na wa kumkasirikia. Na mwakani? Mwakani wazee watakuwa wamekwishaitwa, miti imekwishagawanywa, naye atakuwa mwenye shamba. Mwenye shamba haendi popote.

Alishuka. Akauacha mfuko chini ya mti, haujafika nusu. Alipopita nyuma ya nyumba alimsikia baba yake akikohoa na kugonga kikombe cha chai mezani. Hakuaga.

Uwanjani kule Maua palikuwa na watu kama siku ya soko. Wanawake walikuwa na foleni yao. Wakampima urefu, wakamkagua meno, wakamkimbiza kuuzunguka uwanja, naye akawaacha wenzake nyuma kwa mbali. Askari akamwandikia namba mkononi kwa kalamu nene. Alikuwa anahema, anatabasamu, alipomwona Mwenda.

Mwenda alikuwa upande wa wanaume, kifua wazi, namba imeandikwa kifuani. Naye alikuwa amepita. Furaha ilikuwa bado usoni mwake alipovuka kumjia, ikamtoka njiani.

"Miraa iko wapi?"

"Iko mtini."

"Kathambi, mnunuzi wetu Koome yuko njiani na pikapu. Akikosa mzigo leo atahamia kwa wengine."

"Najua."

"Baba atapanda mwenyewe."

"Najua," akasema, na ni kweli alijua. Alijua tangu aliposikia kile kikombe.

Mwenda akatoa simu, akampigia baba yao, akaiweka katikati yao wasikie wote wawili. Sauti ya Mithika ilikuwa changamfu kupita kiasi, ya mtu asiyetaka kuhurumiwa.

"Yuko huko nawe? Nilidhani. Msihangaike, wanangu. Kaeni huko. Ngazi nimeshaiegemeza."

"Baba, usipande! Baba!"

Simu ilikuwa imekatwa. Mwenda akapiga tena, ikaita weee, haikushikwa.

"Rudi," akamwambia dada yake. Hakupaza sauti, alikuwa anaomba. "Wewe una mwakani. Mimi sina."

Kathambi alijua maneno yalikuwa ya haki. Alitazama lango. Alijiona akikimbia, akafika, akamshika baba yake mguu kabla hajapanda. Njia aliijua na mbio alikuwa nazo kuliko mtu yeyote uwanjani pale.

"Rudi wewe," akasema.

Mwenda alimtazama kama anayetazama mtu wa mbali ili ajue ni nani. Kisha akaokota shati lake chini, hakulivaa, akakimbia.

"Wewe! Wewe kijana!" koplo mmoja akapiga kelele. "Ukitoka kwa hilo lango hurudi!"

Hakugeuka. Alipita langoni akiwa na shati mkononi, akashika njia ya kilimani, kule kwenye miti.

Foleni ya wanawake ikasogea. Mezani alikaa afisa mwenye miwani, akimuuliza kila msichana swali lilelile, akikubali jibu lilelile. Zamu ya Kathambi ikafika.

"Unatoka wapi?"

"Hapa juu tu, afande."

"Mbio zako nimeziona. Sasa niambie, kwa nini unataka kuingia jeshini?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni, akadhani afisa anaiona.

"Nataka kuwalinda watu wangu, afande," akasema.

Afisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwonyesha kwa kalamu upande wa waliochaguliwa. Kathambi akaenda kusimama huko.