Mkwe wa Viganja Wazi

"Kijana, tuombee chakula," Mama alisema, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nilijua ni mtihani. Mwanamume anayetaka kunioa na kunipeleka kisiwani Pate, kwa Waislamu watupu, lazima apimwe Ukristo wake kabla kuku hajaguswa. Obiero hakufumba macho. Alifungua viganja juu ya sahani, akaomba kwa jina la Yesu, akasema amina, kisha akajipangusa uso kwa mikono yote miwili.

Mama alimkodolea macho. "Wewe ni wa kanisa gani?"

"Anglikana, Mama. Lakini nimezaliwa Pate, baba yangu alikuwa mwalimu huko. Mikono nimeiga kwa majirani."

"Anglikana ya wapi hiyo? Wanja, haki huendi."

Nilikasirika. Nina miaka thelathini na moja, na sijaomba ruhusa ya kwenda mahali tangu nimalize chuo. Lakini Obiero alinitangulia. Alimwuliza Mama, kwa upole na bila kutetemeka, anaogopa nini hasa.

Mama haongei kwa mafumbo. "Akifa huko, nani atamzika mtoto wangu?"

"Baba aliusia azikwe hukohuko," Obiero alisema. "Wakristo tulikuwa sita tu. Kaburi lilichimbwa na majirani, wanaume karibu arobaini. Pasta alipoomba, walinyamaza kando. Alipomaliza, wakafukia. Siku tatu nzima jiko letu halikuwashwa, chakula kilitoka kwao."

Baba yangu, ambaye mtihani haukumzuia kuanza paja la kuku, aliacha kutafuna.

"Jirani wetu wa hapa nyuma alikufa Machi," alimwambia Mama. "Ngendo, alikuwa anaitwa nani?"

Mama hakujua. Hata mimi sikujua, na aibu ilinishika. Hapa mtaani Ngoingwa makanisa tunayo kila kona, lakini geti la jirani tunalijua kwa rangi tu.

Mama alimwongezea Obiero kuku, polepole, kama anayepiga hesabu ya watu.

"Hao majirani wako watakuja kwa harusi?"

"Watakuja, Inshallah."

Neno lile Mama hakulikemea. Alimgeukia Baba.

"Basi mbuzi hutachinja wewe. Enda mjini utafute Muislamu achinje. Wageni wangu hawawezi kushinda njaa kwangu."